Neno Pumu Lilivyopotea Getini

Kabla hujamgusa mgonjwa, msalimu. Ukishamsalimu, funga mdomo usikilize anavyojibu. Mtaniambia hayo ni mambo ya adabu, mlishafundishwa na mama zenu. Si adabu tu. Ni kipimo, na hakihitaji betri.

Mimi nilifundishwa na Sista Kidawa, mkuu wa mapokezi ya dharura upande wa Temeke, enzi zile tukiita kasualti. Alikuwa mwanamke wa Pwani, mzaliwa wa Dar tangu bibi zake, mwembamba, mkali, asiyependa kelele. Mzee akiingia, Sista alisogea karibu na benchi, akasema "Shikamoo," kisha akatulia kama mtu anayesubiri chenji yake. Mzee akijibu "Marahaba mwanangu, hujambo, na nyumbani hawajambo?" kwa pumzi moja, huyo anaweza kungoja. Akisema "Marahaba," akavuta pumzi ndipo aendelee, anasogezwa mbele. Akisema "Mara..." akaishia hapo, Sista ameshamshika kwapani anampeleka kitandani, na sisi tunakimbia kuvuta mtungi wa oksijeni.

Wiki yangu ya kwanza nilimwamkia bibi mmoja wa Mbagala, akaniitikia kwa kichwa. Nikaona ni bibi mwenye makuu yake, nikampita. Sista Kidawa akanishika sikio mbele ya benchi zima. "We Selemani, bibi wa Kizaramo anaamkiwa shikamoo haitiki, wewe unapita tu? Bibi wa Kizaramo haachi kuitika mpaka pumzi zimemwishia." Yule bibi alilazwa, akatibiwa, akarudi kwake Mbagala. Sikio langu liliuma mpaka jioni.

Nimeanza na salamu kwa sababu ndicho kitu cha kwanza tulichokitupa janga lilipoingia. Hakuna aliyetuamuru tukitupe. Tulikitupa wenyewe, tukaona tumejikinga.

Lakini kwanza mjue mnasema na nani. Nimezaliwa Tandika, katika chumba kimoja cha kupanga. Baba alikuja kutoka Newala, akawa kuli sokoni. Mama aliuza vitumbua. Hakuna mjomba aliyelinong'ona jina langu ofisini kwa mtu. Stashahada yangu ya uuguzi niliisoma huku nasukuma toroli la maji alfajiri kabla ya darasa, na wale walioniita dokta wa ndoo leo watoto wao wananiamkia. Nikaenda Botswana. Sikupelekwa na mtu, niliomba mwenyewe, nikahojiwa mwenyewe, nikapasi mwenyewe. Nimefanya kazi kule miaka kumi na moja katika idara ya dharura, na siku naondoka mkuu wangu alinisindikiza mpaka kituo cha basi, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mwingine. Nikarudi, nikajenga Bunju wakati watu wanasema Bunju ni porini. Leo wanaulizia viwanja. Nikaingia kazini tena, katika hospitali moja ya upande huu wa Barabara ya Bagamoyo, na humo nikamalizia utumishi wangu. Wote wakiniita Braza Selemani, kuanzia mfagiaji mpaka daktari bingwa. Sijisifu. Nawaeleza yaliyopo.

Juzi nilialikwa kuzungumza na wauguzi wanaoanza kazi. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa sauti nzuri kwamba janga lile lilitufundisha mengi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilirudi nyumbani na makofi yale yamenikaa kooni, na hayajashuka. Ndiyo maana ninawaandikia nyie wauguzi mnaoanza.

Ugonjwa wenyewe, kwetu pale, hakuna aliyependa kuutaja kwa jina. Mtaani na wodini ulikuwa "changamoto ya upumuaji". Neno changamoto mnalijua lilivyo: likikaa mbele ya kitu, kile kitu hakina mwenyewe tena. Mtu hashindwi kupumua, anapata changamoto. Hafi kwa kukosa oksijeni, changamoto imemzidia. Nami nililitumia, kwa kuwa ukisema lile jina jingine watu wanakutazama kama umetukana msibani.

Kuchuja wagonjwa kukaondolewa kwenye benchi letu kukapelekwa getini. Getini alikuwa Rajabu, mlinzi, kijana mwema, mcheshi, shabiki wa mpira. Rajabu akapewa barakoa, kipimajoto chenye umbo la bastola, na swali moja: una changamoto ya kupumua? Ukisema ndiyo, unakwenda kwenye hema. Ukisema hapana lakini bastola ikaonyesha joto, unakwenda kwenye hema. Waliobaki wanaingia ndani. Hema lenyewe lilikuwa turubai la kukodi la harusi, limesimamishwa nyuma ya jengo la kufulia, na vitambaa vya rangi ya waridi bado vinaning'inia juu. Wagonjwa walilala wakitazama mapambo ya bibi harusi asiyejulikana.

Foleni ya getini ilikuwa juani. Mnalijua jua la Dar la Februari. Saa sita mchana kila paji la uso lilikuwa na homa. Mwanamke mmoja muuza mihogo, aliyekuja kutuuzia sisi wafanyakazi kama kila siku, alipigwa bastola akaelekezwa hemani na beseni lake kichwani. Tulimtoa na mihogo yake imepoa. Dereva wa bodaboda aliyevunjika mbavu, anahema kwa maumivu, naye hemani, akalala saa nyingi kati ya watu wanaokohoa, wakati kilichomleta kilikuwa kugongwa na gari. Nikamwendea Rajabu, nikamwambia awakalishe watu kivulini kwanza, wanywe maji, ndipo awapime. Akafanya hivyo siku ile ile. Nusu ya homa zikapona kwa kivuli.

Sisemi hema lilikuwa upuuzi. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, ulituzikisha wenzetu wawili wa idara ile ile. Kuwatenga wagonjwa ni jambo jema, Botswana tuliwatenga wenye kifua kikuu tangu zamani. Ninachosema ni kwamba kule tulipima ndipo tukatenga. Huku tulitenga kwa swali moja, kisha hapakuwa na mtu wa kupima. Kuvaa yale magauni ya plastiki ni kazi, na ukishayavaa unatota jasho kama uliyetoka kisimani. Kwa hiyo muuguzi akiingia hemani alibaki humo zamu nzima, peke yake, na mgonjwa aliyekwishapewa jina la changamoto hakuulizwa tena ana nini. Jina lilikuwa limeshajibu.

Sasa niwaambie habari za Mzee Nandonde.

Mzee Kastori Nandonde alikuwa mchonga vinyago wa Boko, mtu wa kwetu Newala, mzee kuliko mimi, mwenye vidole kama mizizi. Alikuwa na pumu. Vumbi la mpingo si rafiki wa kifua, na yeye alilivuta maisha yake yote. Kila baada ya miezi kadhaa kifua kilibana, mkewe Mama Skola akampakia kwenye bajaji, wakaja. Tulikuwa na kiti chao karibu na dirisha na mashine ya kuvutishia dawa, ile nebulaiza. Haikuchukua muda. Namwamkia, anajibu nusu, namwekea kinyago cha dawa usoni, na baada ya hapo anamalizia ile marahaba yake na kuanza kunitania. Aliniita Mtswana.

Nilimwambia mara nyingi aache mpingo. "Nikiacha mpingo nitachonga nini, Mtswana," akanijibu siku moja, "viazi?" Mama Skola akasema hata viazi angevichonga sura ya shetani, nani angevila. Wakaondoka wanabishana. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa idara ya dharura ikiwa nzima: mtu anaingia hawezi kusema, anatoka anabishana na mkewe.

Janga lilipokuja, nebulaiza ikapigwa marufuku chumbani. Walisema mvuke wake unatawanya ugonjwa hewani, na hilo lilikuwa kweli. Mashine ikafungiwa kabatini. Nikauliza, na wenye pumu je? Nikaambiwa utaratibu utaletwa. Kiti cha dirishani kikawekewa ndoo ya maji tiririka.

Siku moja, kabla ya mchana, Mama Skola alinitokea dirishani kwa nje, amepita nyuma ya jengo, kanga imemwanguka begani. Akaniambia Mzee yuko hemani tangu asubuhi. Ilikuwa hivi: wamefika getini, Rajabu akauliza swali lake. Mama Skola akajibu kwa usahihi kabisa kwamba mzee ana pumu, ni mgonjwa wa siku zote, kiti chake kiko ndani. Rajabu akamuuliza pumu ndiyo nini kama siyo kupumua. Mama Skola akasema pumu ni pumu. Rajabu akasema, mama, mzee anapumua vizuri au hapumui vizuri? Sasa hapo utajibu nini? Akasema hapumui vizuri. Hema.

Simlaumu Rajabu. Alipewa swali moja, akaliuliza. Nawalaumu waliompa swali moja. Neno pumu lina miaka na miaka katika lugha yetu, kila bibi analijua, kila bibi ana dawa yake. Lilifika getini siku ile, likavuliwa nguo, likavishwa sare ya changamoto, na hakuna aliyelitambua tena.

Nilimkuta Mzee Nandonde kitanda cha mwisho, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Oksijeni alikuwa amewekewa. Dawa ya kufungua kifua, hakuna. Filimbi ya kifua chake niliisikia kabla sijamfikia. Nilimwamkia. Hakujibu hata herufi. Alinitazama tu, na macho yake yalianza kulegea kama ya mtu anayetaka kulala. Mwenye pumu akianza kusinzia mchana, wanangu, hajachoka. Anakwenda.

Hapa sikilizeni kwa makini, kwa sababu nebulaiza siku moja itaharibika, au umeme utakatika, au watu watafungia mashine kabatini. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, usiifute kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe, maana ukiisugua dawa inanata ukutani mwa chupa badala ya kuingia kifuani. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa kile kikopo cha dawa ya pumu, libane lisivujishe. Mgonjwa anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Unabonyeza dawa mara moja, anavuta na kutoa taratibu mara kadhaa, ndipo unabonyeza tena. Unarudia na kurudia, usiwe bahili. Kwa mgonjwa asiyesinzia, hufanya kazi kama mashine, na haitawanyi mvuke chumba kizima. Ujuzi huo nilitoka nao Botswana. Tangu wiki ile nebulaiza ilipofungiwa nilikuwa nimetengeneza chupa kadhaa, ziko droo ya chini, na watu wakinicheka kwamba Braza anaokota makopo.

Daktari wa zamu alikuwa Dokta Neema, binti mdogo, mwenye akili, amesimama tangu jana yake. Nilimwambia ni pumu. Akaniuliza nina uhakika gani kwamba si ule ugonjwa. Nikamwambia inaweza kuwa vyote viwili, lakini kinachomuua sasa hivi ni hiki. Akasema, "Fanya, Braza. Mie naandika sindano." Daktari wa hivyo mwombeeni maisha marefu. Alimchoma sindano mwenyewe. Mimi nikashika chupa na kidevu cha mzee. Mwanzo hakuweza hata kuvuta, tulikuwa tunammwagia dawa mdomoni tu na kumtikisa asilale. Kisha akavuta kidogo. Kisha zaidi. Jasho langu likajaa ndani ya glovu. Ilipofika adhuhuri alisogeza chupa pembeni kwa kidole, akasema neno la kwanza: "Maji."

Alipona. Nani mwingine pale angemponya, mniambie.

Lakini utaratibu ulikuwa kwamba aliyeingia hemani hatoki mpaka majibu ya kipimo chake yarudi, na majibu yalikuwa yakichelewa. Mzee Nandonde akakaa humo siku baada ya siku, kifua chake kizima kabisa, chini ya mapambo ya waridi. Jirani yake wa kulia alikufa. Jirani wa kushoto alikufa. Aliona wanavyofungwa kwenye plastiki na kubebwa na watu wasiowajua, bila ndugu, bila kuoshwa na mikono ya kwao. Mama Skola alikuwa akisimama nje ya uzio na chupa ya uji, anampa muuguzi, uji unafika baridi au haufiki. Majibu yalipokuja, hakuwa na ule ugonjwa. Hakuwahi kuwa nao.

Nilimsindikiza mpaka getini. Akanishika mkono, jambo lililokatazwa siku zile, akasema, "Umeniponya, Mtswana. Ila huku sirudi." Nikacheka. Nikamwambia kifua chako hakikuulizi kama unataka. Yeye hakucheka.

Baada ya hapo nikapigania kitu kimoja tu: kiti cha wenye pumu, kivulini, mbali na hema, chenye chupa zangu na muuguzi mmoja anayejua kusikiliza kifua. Sikuomba hela wala jengo. Nikalipeleka ombi hilo kikaoni. Siku ile mkuu wetu alifungua kikao kwa furaha. Akatuambia tutazame benchi la mapokezi lilivyo jeupe. "Foleni imepungua, ndugu zangu," akasema. "Idara yetu sasa inapumua."

Nikanyanyuka. Nikasema, "Mkuu, hawa watu hawajapona. Hawaji." Nikawauliza wenzangu: wenye kisukari wetu wako wapi, wale mama wa presha wa Bunju wako wapi, mara ya mwisho mmemwona lini mtoto wa degedege? Ugonjwa mmoja umeingia mjini, mengine yote yamehama? Mkuu akaniangalia kwa upole, akasema, "Braza Selemani, hapa si Botswana." Kikao kikacheka. Hata wale niliowafundisha kushika sindano walicheka.

Kiti kilirudi. Nacho kilirudi kwa kuwa hema liliondolewa, si kwa kuwa walinisikiliza. Wimbi lilishuka, mwenye turubai akaja kuchukua turubai lake, ndoo ikatolewa dirishani, nebulaiza ikatoka kabatini na buibui ndani. Rajabu akarudishiwa kazi ya kufungua na kufunga geti. Nilimpigia simu Mzee Nandonde mwenyewe, nikamwambia kiti chake kimerudi mahali pake. Akasema, "Kipe hongera."

Masika yaliyofuata kifua kilimbana. Jumapili, baada ya misa, mchana kweupe. Binti yake Skola alitaka kuita bajaji. Mzee akakataa. Wakamfukiza kwa nyungu, majani ya mwarobaini na malimao, blanketi gubigubi, mvuke unamzidishia. Kikopo chake cha dawa kilikuwa tupu, wakaendelea kukibonyeza. Filimbi ya kifua ilisikika mpaka kwa majirani. Halafu ikanyamaza. Wote chumbani wakamshukuru Mungu, wakaona amepata nafuu, wakamlaza apumzike.

Kifua cha pumu kinachopiga filimbi bado kinapitisha hewa. Kikinyamaza ghafla na mtu hajapata dawa, hewa haipiti tena. Hilo liandikeni mkononi kama wanafunzi wa mtihani, mkiweza mkaliandike na kwenye mikono ya ndugu za wagonjwa wenu.

Nilikwenda Boko kuhani. Wanaume walikuwa nje, karibu na banda lake la kuchongea, kinyago kimoja kimeishia mabegani, hakina kichwa. Nikavua viatu, nikaingia ndani kumpa pole mjane. Mama Skola alikuwa mkekani kati ya wanawake wenzake. Hakulia. Nikasema maneno ya msibani, yale tunayosema wote. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na uchungu, nikamwuliza kwa nini hawakumleta, na mimi nilipiga simu, na kiti kilikuwepo, na dawa ilikuwepo. Wale wanawake wakanitazama.

"Ulipiga, Braza," akasema. "Wewe ni mtu mmoja, tena mtu wa kwetu, alijua unampenda. Ila lile gari la matangazo lilipita hapa Boko mtaa mzima, na spika juu, likasema kama si lazima tusije hospitali. Lilipita asubuhi na jioni. Mzee alikuwa ananiambia, likipita tena likisema njooni, nitakwenda. Halijapita mpaka leo."

Hakusema kwa hasira. Alinieleza tu, kama mtu anayekuelekeza njia.

Mimi nimestaafu. Kikaoni mko nyie sasa, na magari ya kukodi yapo tele, na spika zipo. Kodini gari.